Kabla Hatujaenda Kalenga

Kila tunapoandika neno Iringa kwenye cheti cha ubatizo au kwenye barua ya kumhamisha msharika, tunaandika habari ya ukuta. Kwa Kihehe, lilinga ni ngome, mahali palipozungushiwa boma. Wageni walilisikia neno hilo wakaliandika kama masikio yao yalivyoweza, nasi tukalipokea kutoka kwao likiwa limebadilika kidogo. Jambo ambalo vijana wetu wengi hapa Kihesa hawalijui ni kwamba jina hili halikuzaliwa kwenye kilima hiki. Iringa ya kwanza ni Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kama kilomita 15 kutoka mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Wajerumani walipoiteka mwaka 1894 waliibomoa, na mwaka 1896 wakaweka kituo chao huku juu ulipo mji wa leo. Wakakiita Iringa Mpya. Ile ya bondeni ikaitwa Iringa ya Kale. Siku zilivyokwenda neno "mpya" likasahaulika, na mji wa mshindi ukabaki na jina la mji ulioshindwa.

Usharika wetu unapanga kwenda Kalenga. Kwa wengi wetu itakuwa mara ya kwanza, na hilo lenyewe linashangaza. Wamo kati yetu waliofika Yerusalemu na kupiga picha mbele ya kuta zake. Wamo waliofika Zanzibar wakaingia Ngome Kongwe. Kalenga, ambayo mtu huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, tumeiacha kwa watalii wanaopita wakienda kuona tembo.

Wazo lilianzia kwenye kujifunza Biblia, tulipokuwa katika kitabu cha Nehemia. Mtu huyu aliishi mbali katika jumba la mfalme, akaletewa habari kwamba ukuta wa mji wa baba zake umebomoka na malango yake yameteketezwa. Alikaa chini akalia. Kisha akaomba ruhusa, akasafiri, na alipofika hakuanza kwa hotuba. Alikaa siku tatu, halafu akaondoka usiku na watu wachache akauzunguka ukuta, akitazama palipobomoka, bila kumwambia mtu alichokuwa nacho moyoni. Mzee mmoja akauliza: na sisi, mji wetu wenye ukuta uliobomolewa, nani ameuzunguka? Kikawa kimya. Ndipo mpango ukaanza.

Vijana walikuwa na hoja yao, nayo haikuwa ya kudharauliwa. Mmoja wao ana kaka anayesoma China, katika mji wa Xi'an, na kaka huyo humtumia picha. Ukuta wa Xi'an ulijengwa katika karne ya 14, wakati wa utawala wa Ming. Una mzunguko wa karibu kilomita 14, na upana wake kule juu unatosha watu kukodi baiskeli na kuuzunguka mji wote bila kushuka. Kijana akaipitisha simu kutoka mkono hadi mkono, tukaona minara, malango, taa za usiku. Akasema, wazee wangu, huu ndio ukuta. Kalenga tutaona nini?

Jibu la kweli ni kwamba kwa macho hatutaona mengi. Yapo mabaki machache ya mawe na tuta la udongo, yako makaburi ya watawala wa baadaye wa ukoo, na ipo nyumba ndogo ya makumbusho. Anayekwenda kutafuta Xi'an atarudi amekasirika. Lakini Zaburi ya 48, inayowaagiza watu wauzunguke Sayuni na kuihesabu minara yake, inaeleza sababu: ili wawasimulie watoto watakaokuja. Kazi hiyo ya kusimulia yaweza kufanyika hata mahali ambapo minara haipo tena, ilimradi anayesimulia ajue ilisimama wapi na ilianguka kwa nini. Kwa hiyo tuliamua kwamba kabla ya kukodi basi tusome kwanza. Tuliyoyasoma yakawa mazito kuliko tulivyotegemea.

Wahehe hawakuwa na dola kubwa tangu zamani. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo za nchi hii chini ya mkono mmoja katikati ya karne ya 19. Alipofariki, karibu mwaka 1879, kukawa na vita vya kurithi, na mwanawe Mkwavinyika, tunayemwita Mkwawa, akashika nchi. Huko Kalenga akajenga makao yaliyozungushiwa ukuta wa mawe uliozidi kimo cha mtu. Tusidhani ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya Wajerumani tangu mwanzo. Nchi hizi zilikuwa zimejaa kuta. Merere, mtawala wa Wasangu, naye alikuwa na ngome yake Utengule katika Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, na alikimbilia huko kwa sababu Wahehe walikuwa wamemsukuma kutoka nchi yake. Ukuta wa huyu ulizaliwa na mkuki wa yule.

Hapo mazungumzo yetu yakabadilika. Usharika wa Kihesa si wa Wahehe peke yao. Tunao Wabena, Wakinga, Wasangu, Wanyakyusa, na wengine waliokuja kwa kazi, kwa masomo au kwa ndoa. Mama mmoja, ambaye kwao ni Usangu, alisema kwa upole lakini bila kuficha: "Ninyi mnakwenda kumlilia babu yenu. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake jinsi watu walivyolala porini kwa kuwaogopa watu wa Kalenga." Tunamshukuru kwa kusema. Wasangu waliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na baada ya vita wakarudi katika nchi yao ya zamani. Kwa Mhehe huo ni usaliti. Kwa Msangu ilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Sherehe nyingi za kumbukumbu huliruka jambo hili, na tunadhani kanisa halina ruhusa ya kuliruka, maana watu hao wawili hukaa benchi moja na kupokea kikombe kimoja.

Mwaka 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilipanda kuingia Uhehe. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, kando ya barabara ya leo iendayo Morogoro, majeshi ya Mkwawa yalikivamia kikiwa kwenye msafara. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Siku hizi ukisema Lugalo watu hukumbuka kambi na hospitali ya jeshi Dar es Salaam, na wachache hujua kwamba jina limetoka kwetu. Tuangalie jambo moja hapa: ushindi wa Lugalo haukupatikana nyuma ya ukuta wowote. Ulipatikana vichakani, kwa watu walioijua nchi.

Miaka mitatu ikapita. Oktoba 1894 gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, alifika mbele ya Kalenga akiwa na mizinga. Wenyeji husimulia kwamba kilima cha Tosamaganga, ng'ambo ya pili, kilipata jina lake siku zile. Jina hilo lina maana ya kurusha mawe, na inasemekana watu waliziona risasi za mizinga kama mawe yanayorushwa kutoka mbali. Tarehe 30 Oktoba askari waliuvuka ukuta, miongoni mwa viongozi wao akiwamo Tom von Prince, aliyejulikana kama Bwana Sakarani, na mapigano yakaendelea nyumba kwa nyumba. Ngome ikaanguka. Mkwawa akatoka akiwa hai.

Baada ya hapo aliishi karibu miaka minne bila ukuta. Wajerumani waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Wakamtawaza nduguye Mpangile mwishoni mwa mwaka 1896, na kabla miezi mitatu haijaisha wakamnyonga, wakimtuhumu kuwa anashirikiana na kaka yake. Nyumba zikachomwa, chakula kikaharibiwa. Muda wote huo watu walimlisha Mkwawa na kumficha, ingawa rupia 5,000 zingemtajirisha mtu na ukoo wake wote. Tukipima kwa haki, mawe ya Kalenga yalimlinda kwa siku chache, na watu wale walimlinda kwa miaka. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na amezungukwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Sasa tunafika mahali panapotuhusu sisi hasa, tunaobeba Biblia chini ya kwapa. Injili iliingia hapa lini?

Wamisionari Wabenediktini walianza kituo chao Tosamaganga miaka michache tu baada ya 1894, Mkwawa akiwa bado msituni. Kilima kile kile ambacho watu wanakihusisha na mizinga kikapata kanisa, shule na baadaye hospitali. Waluteri wa Misheni ya Berlin walikuja kutokea kusini, kupitia Ukinga na Ubena, nao walitoka nchi ile ile ya von Schele. Hatusemi kwamba wamisionari walipiga mizinga. Wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana, wakijifunza lugha zetu na kuwafundisha babu zetu kusoma. Lakini ukweli ni kwamba walipita mahali ambapo ukuta ulikuwa umekwisha kubomolewa na wengine.

Yule kijana wa Xi'an, bila kujua, alitusaidia tena. Mwalimu mmoja katika kundi letu alituambia kwamba katika mji huo huo kuna jiwe kubwa lililochongwa mwaka 781, lililofukuliwa katika karne ya 17, na sasa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya mawe ya maandishi. Jiwe hilo linaeleza kwamba mwaka 635 mtawa aitwaye Alopen, wa Kanisa la Mashariki, alifika kutoka upande wa Uajemi na Shamu, na mfalme Taizong akampokea katika mji wake mkuu, ambao wakati huo uliitwa Chang'an. Alikuja na vitabu. Hakuwa na jeshi nyuma yake. Mfalme akaagiza vitabu vitafsiriwe, akavisoma, akatoa ruhusa. Malango yalifunguliwa kutoka ndani.

Tulikaa na habari hiyo muda mrefu. Wengine walisema, laiti ingekuwa hivyo kwetu. Laiti Alopen wetu angefika Kalenga mwaka 1885, akaketi barazani kwa Mkwawa na kumsomea Mathayo. Lakini mwalimu hakumalizia hapo. Mwaka 845 mfalme mwingine alizipiga marufuku dini za kigeni, na kanisa lile lililoingia kwa heshima likafifia karibu kabisa. Kanisa la kwetu, lililoingia kwa kupitia kifusi, lipo, na Jumapili hatupati pa kukaa. Hatujui kulifanyia hesabu jambo hili, na yeyote anayesema anajua tungependa kumsikiliza kwa tahadhari. Linalotusumbua zaidi ni dogo. Tangu shule ya Jumapili tumefundishwa habari za Yeriko, tumezunguka kanisa mara saba tukipiga tarumbeta za karatasi, na siku zote tumeisoma hadithi ile tukiwa nje ya ukuta, upande wa wanaozunguka. Kalenga tutasimama ndani. Tutakuwa upande wa Rahabu na jirani zake wanaosikia kelele zikikaribia. Haiwezekani mtu aliyesimama pale airudie sura ya 6 ya Yoshua kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo utotoni.

Lipo pia suala la fuvu, na hapa wazee wa kanisa waligawanyika. Fuvu la Mkwawa limewekwa kwenye sanduku la kioo ndani ya makumbusho ya Kalenga. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe katika miezi sita. Kifungu hicho hicho kinataka irudishwe Kurani ya kale ya Khalifa Uthmani. Ni ajabu kuona mambo hayo mawili ndani ya kifungu kimoja. Miezi sita iligeuka miaka 35. Ndipo mwaka 1954 gavana Mwingereza, Edward Twining, alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Mzee mmoja aliuliza kama ni sawa kuwapeleka watoto wa kipaimara kusimama mbele ya mifupa ya mtawala wa zamani. Hiyo si tambiko? Akaongeza kwamba yeye aliachana na mambo hayo siku alipobatizwa na hataki kuyarudia kwa mlango wa nyuma. Mwingine akajibu kwamba mifupa ya Yusufu ilibebwa kutoka Misri, ikapita jangwani miaka arobaini, ikazikwa Shekemu, na hakuna aliyeita hiyo ibada ya sanamu. Yalikuwa mapatano ya watu na ndugu yao. Kwa maoni yetu hoja ya Yusufu ina nguvu, ingawa wasiwasi wa mzee wa kwanza nao umetokana na imani safi na haupaswi kuchekwa. Tuliafikiana hivi: tutaingia, tutasimama kimya, hatutaacha pesa wala kitu chochote mbele ya fuvu, na nje, chini ya mti, mchungaji ataomba. Hatamwomba Mkwawa. Atamshukuru Mungu kwamba mtu aliyekatwa kichwa ugenini alirudishwa kwao, na atawataja wale ambao mabaki yao bado yamo katika makabati ya makumbusho ya Ulaya, maana wapo wengi kutoka nchi yetu. Mzee yule amekubali kuja. Amesema ndani ya nyumba hataingia, atakaa nje na watoto wadogo. Hilo pia ni sawa.

Kwa kufuata mfano wa Nehemia, watu watatu watatangulia wiki moja kabla. Watazungumza na mtunzaji wa makumbusho kuhusu kiingilio na idadi yetu, na watafika kwa uongozi wa kijiji kubisha hodi, maana Kalenga ni kijiji cha watu wanaoishi, na si vema kushusha basi zima la wageni wanaoimba bila kusema kamwene. Watajionea pia kama akina mama wazee wanaweza kutembea kutoka barabarani. Tumependekeza Jumamosi mwishoni mwa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Anayetaka kujiandaa zaidi aende kwanza makumbusho ya Boma mjini, kwenye jengo la Wajerumani lenyewe, kisha apande jioni Gangilonga, jiwe linalosema, ambako inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akikaa kutafakari. Kutoka huko juu mji wote huonekana, na Kihesa yetu pia.

Tarehe za Oktoba zimetuletea jambo moja ambalo kwaya bado inalijadili. Kalenga ilianguka tarehe 30. Kesho yake, tarehe 31, ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, na kila mwaka siku hiyo tunauimba ule wimbo wa Martin Luther unaomwita Mungu ngome. Sopranu wanataka uimbwe pale pale penye mabaki. Besi wanauliza itakuwaje kuimba wimbo wa ngome uliotungwa na Mjerumani juu ya ngome iliyovunjwa na Wajerumani. Sopranu wamejibu kwamba Luther naye aliutoa katika Zaburi ya 46, ambayo si ya Wajerumani. Mwalimu wa kwaya amesema uimbwe mazoezini mara mbili, tusikie, kisha tuamue. Zaburi yenyewe itasomwa kwa vyovyote: kwa Kiswahili na kijana wa kipaimara, na mzee mmoja ataieleza kwa Kihehe. Sala baada ya hapo tumemwomba aiongoze yule mama wa Usangu. Mwanzoni alikataa. Juzi, baada ya ibada, alikuja kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Ni saa moja asubuhi, hapo sokoni Kihesa.